Maji Safi Si Lazima Yawe Salama: Uhakiki wa Istilahi za Maji ya Akiba Nyumbani

Utangulizi

Miongoni mwa maandishi ambayo mfasiri wa ofisi za umma hutakiwa kuyatoa kwa haraka kupita mengine yote ni maelekezo kwa wananchi wakati wa dharura. Mkataba huweza kungoja, na kitabu cha shule hupitia mikono ya wahakiki kadhaa kabla ya kupigwa chapa. Tangazo la kipindupindu, lakini, huandikwa asubuhi na kubandikwa jioni. Kwa sababu hiyo mfasiri hushika maneno yaliyo karibu na mkono wake, na maneno hayo, yakisharudiwa mara tatu au nne, hugeuka kuwa desturi. Hapo hapana tena anayeuliza yanamwambia nini yule anayeambiwa.

Katika makala haya tunakusudia kuyapima baadhi ya maneno hayo, hasa yale yahusuyo maji ya akiba nyumbani: jinsi ya kuyapata, kuyafanya yanyweke, kuyaweka, na kuyatumia wakati mabomba yamekauka au mafuriko yameingia visimani. Shabaha yetu si kuwalaumu waandishi wa matangazo, ambao hufanya kazi ngumu katika muda mfupi. Tunataka kuonyesha kwamba katika jambo hili istilahi isiyo na mipaka huweza kumdhuru mtu aliyetii kila neno aliloambiwa.

Ili uhakiki wetu usielee hewani tumechagua mahali pa kuupimia, napo ni Shelui, katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida. Shelui ni mji mdogo ulio kwenye barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega, chini ya mteremko wa Sekenke, kandokando ya uwanda wa Wembere. Tuna sababu tatu za kuuchagua. Kwanza, ni nchi ya ukame ambayo msimu mmoja wa mvua hufuatwa na miezi mingi mikavu, na uwanda ule ule unaopasuka kwa jua kiangazi hugeuka kinamasi masika. Mwenyeji wa huko huzijua dharura mbili za maji, ya kuyakosa na ya kuzidiwa nayo. Pili, wakazi wengi wa eneo hilo huzungumza Kinyiramba, Kinyaturu au Kisukuma nyumbani, na Kiswahili hukitumia sokoni, shuleni na ofisini. Msomaji wa namna hiyo hulichukua neno la tangazo kama lilivyo. Tatu, maji ya ardhini ya sehemu nyingi za Tanzania ya kati yana mambo ambayo jicho haliyaoni, kama tutakavyoeleza.

Maafa, janga na dharura

Tuanze na jina la tukio lenyewe. Nchini Tanzania tumekuwa na sheria ya kuratibu misaada ya maafa tangu 1990, ikafuatwa na sheria ya 2015, nayo nafasi yake ikachukuliwa na ile ya 2022. Katika safari hiyo mkazo umehama kutoka kugawa misaada baada ya tukio hadi kujiandaa kabla yake. Lugha ya matangazo, hata hivyo, haijahama sawasawa. Bado maneno maafa, janga na dharura hutumiwa kana kwamba ni pacha, na tangu 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, janga limezidi kubeba mzigo wa maradhi yaeneayo duniani.

Tunaona kwamba yafaa yatengwe. Janga liwe tukio lenye uwezo wa kudhuru, kama mafuriko, ukame, tetemeko au maradhi ya mlipuko. Maafa yawe hasara na vifo vinavyotokea pale janga linapoizidi nguvu jamii. Dharura iwe hali yoyote inayomlazimu mtu kutenda mara moja. Kwa kutenga hivyo tutapata faida moja kubwa. Pampu ya kijiji iliyoharibika katikati ya kiangazi si maafa ya taifa, wala hakuna kamati itakayoitwa kwa ajili yake. Lakini kwa kaya zinazoitegemea ni dharura kamili. Tangazo linaloanza na maneno “wakati wa maafa” humfundisha msomaji kungoja gharika kubwa itangazwe redioni. Linaloanza na “wakati wa dharura” humfikia siku ile dumu lake linaporudi tupu. Wahenga walisema, “Tahadhari kabla ya hatari,” wala hawakuweka masharti juu ya ukubwa wa hatari hiyo.

Safi na salama

Katika Kiswahili cha ofisi ni vigumu kupata maneno mawili yaliyofungwa pamoja kwa nguvu kama safi na salama. Huandikwa pamoja katika sera, katika hotuba za uzinduzi wa miradi na katika vitabu vya shule, hata masikio ya wengi huyasikia kama neno moja. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Maneno haya ni mawili, na kila moja lina kipimo chake. Usafi wa maji hupimwa na jicho, pua na ulimi. Maji safi hayana rangi, harufu wala takataka. Usalama haupimwi hivyo. Maji salama ni yale yasiyomletea mnywaji madhara leo wala baada ya miaka ishirini, na hilo hujulikana kwa kuua vijidudu kwa njia inayoaminika na kwa vipimo vya maabara.

Watu wa pwani walikuwa na tofauti ya namna hii tangu zamani. Mwislamu anayetafuta maji ya kutawadha hutofautisha maji safi na maji tohara. Maji yaweza kupendeza machoni na bado yakawa yamenajisika, na maji yenye rangi ya udongo yaweza kuwa tohara. Kwa hiyo wazo kwamba mwonekano wa maji ni jambo moja na kufaa kwake ni jambo jingine si geni katika lugha yetu. Ni matangazo ya siku hizi yaliyolififisha.

Zaidi ya hayo, neno safi limepata kazi nyingine katika majina ya taasisi. Mamlaka zetu za miji huitwa Mamlaka za Majisafi na Usafi wa Mazingira, na neno majisafi, likiandikwa kwa pamoja, husimama kinyume cha majitaka. Hapo majisafi ni jina la aina ya huduma, yaani maji yanayopelekwa kwa watu, yasichanganywe na yale yanayoondolewa makwao. Istilahi hiyo ni nzuri na inafanya kazi yake. Lakini msomaji wa kawaida hana njia ya kujua kwamba safi ya jina la huduma haikusudiwi kuwa cheti cha kila ndoo. Asomapo “tumia maji safi”, huangalia ndani ya ndoo, huona chini kabisa, na hutosheka.

Katika Mkoa wa Singida kutosheka huko kuna gharama. Singida ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Shinyanga, Mwanza na Mara, ambayo baadhi ya vyanzo vyake vya maji vina floraidi kupita kiasi. Floraidi haina rangi wala harufu. Maji yake huweza kung'aa kuliko maji ya lambo lenye tope, lakini mtoto akiyanywa kwa miaka mingi meno yake hugeuka rangi ya hudhurungi, na yakizidi sana mifupa huharibika. Shirika la Afya Duniani limeshauri kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa sababu ya uhaba wa vyanzo, iliwahi katika viwango vyake vya muda vya 1974 kuruhusu hadi miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, na kikomo hicho kikapunguzwa baadaye hadi kufikia 1.5. Yaani maji yale yale ya kisima kile kile yangeweza kuitwa “safi na salama” katika miaka ya 1970 na yasistahili jina hilo leo. Kilichobadilika ni tarakimu. Maneno yamebaki palepale.

Kuna jambo la pili la kuzingatia. Eneo la Sekenke, karibu na Shelui, lina historia ndefu ya dhahabu. Mgodi wake ulianza kazi mwaka 1909, wakati wa utawala wa Wajerumani. Wachimbaji wadogo katika sehemu nyingi za nchi yetu hutumia zebaki kuikamata dhahabu. Zebaki, kama floraidi, haiui kwa siku moja wala haionekani kwa macho ikiwa imeyeyuka ndani ya maji. Basi mwandishi wa tangazo anayeandikia maeneo ya machimbo akisema tu “maji safi”, atakuwa amelinyamazia jambo kubwa.

Pendekezo letu ni hili. Katika maelekezo kwa kaya, neno safi liachiwe vyombo, mikono na vitambaa. Kwa maji tutumie angavu tunapotaja mwonekano: maji maangavu ni yale yasiyo na tope wala takataka. Neno salama tulitumie kwa matokeo ya mwisho tu, pale ambapo njia iliyotajwa kweli inayafikia.

Kutibu, dawa na kutakasa

Maji yakishaonekana kuwa si salama, mwananchi hufanya nini? Matangazo humwambia “ayatibu” au “atie dawa”. Kitenzi kutibu kimechukuliwa kutoka lugha za kigeni bila kupimwa. Katika Kiswahili anayetibiwa ni mgonjwa. Maji hayaumwi, na msomaji anayejiuliza maji yanaumwa nini ana haki ya kucheka.

Neno dawa lina hatari zaidi ya kuchekesha. Katika matumizi ya kila siku dawa si ya hospitali peke yake. Tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya panya. Kila kitu kilichotengenezwa ili kitende kazi fulani huitwa dawa, na upana huo ni sehemu ya uhai wa lugha. Lakini kumwambia mtu “tia dawa katika maji ya kunywa” bila kuitaja ni kumwachia achague katika duka zima. Hata akichagua kioevu cha klorini cha kufulia, atakuta vipo vyenye manukato, ambavyo havifai kabisa kwa maji ya kunywa.

Tunapendekeza kitenzi kutakasa kiwe istilahi ya kuua vijidudu katika maji, na kitu kinachofanya kazi hiyo kiitwe kitakasa maji. Wapo watakaosema kwamba kutakasa ni neno la ibada, lenye kukumbusha utakaso na utakatifu. Jibu letu ni kwamba umma umekwisha kuamua. Mwaka 2020 neno vitakasa mikono lilienea katika maduka, misikiti, makanisa na vituo vya mabasi kwa muda wa wiki chache, na kila mtu akalielewa kuwa ni kitu cha kuulia vijidudu. Ni nadra sana istilahi kupata kibali cha watu kwa upesi namna hiyo. Ni busara kuijenga nyumba juu ya msingi ambao watu wenyewe wameukanyaga.

Hata hivyo tunalikubali pingamizi moja lenye uzito. Kutakasa kwa maana yake ya asili ni kuondoa uchafu wote, na msomaji anaweza kudhani kwamba maji yaliyotakaswa hayana floraidi wala zebaki. Kwa hiyo fasili ya istilahi hii lazima iwe na mpaka: kutakasa maji ni kuua vijidudu vilivyomo, basi. Katika tangazo, neno litakapotumiwa mara ya kwanza, lifuatane na maneno “yaani kuua vijidudu”. Kuondoa madini ni kazi nyingine na liitwe kwa jina lake, kuondoa floraidi, kama ilivyo katika kazi za kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, ambako mkaa wa mifupa umetumika kuichuja floraidi. Kuchemsha maji hakuiondoi hata kidogo. Kinyume chake, maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa imekolea zaidi. Mama wa Shelui anayechemsha maji ya kisima chenye floraidi kwa bidii zote kwa sababu bango limemwambia chemsha upate maji salama, hakutendewa haki na bango hilo.

Kuchemsha na kutokota

Kitenzi kuchemsha nacho chahitaji kusaidiwa. Kwa watu wengi maji yamechemka mara yanapoanza kutoa mvuke na viputo vidogo pembeni mwa sufuria, na pale ambapo kuni ni adimu, kama ilivyo katika nchi kavu, ndipo moto huondolewa. Wataalamu wa afya hukusudia kitu kingine: maji yapande na kupinduka kwa nguvu, kisha yaachwe hivyo kwa dakika 1, au dakika 3 mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Uwanda wa Wembere haufiki mwinuko huo, hivyo kwa Shelui dakika 1 yatosha.

Kiswahili kina neno la hali hiyo hiyo, nalo ni kutokota. Maji yanayotokota hayana shaka. Mtoto ataona na kipofu atasikia. Kwa nini basi matangazo yetu hulikwepa? Tunadhani ni kwa sababu mfasiri hutafuta neno moja la Kiswahili kwa neno moja la kigeni, na akishalipata huliweka kalamu chini. Pendekezo letu ni: “Chemsha maji mpaka yatokote kwa dakika 1.” Maneno machache yaliyoongezwa huokoa kuni za mtu anayechemsha kupita kiasi, na huokoa afya ya mtu anayechemsha chini ya kiasi.

Kuvuna, kukinga na kuhifadhi

Katika maandishi ya ofisi “uvunaji wa maji ya mvua” umeshika mizizi. Hatutaki kuung'oa, kwani katika miradi ya mabwawa na malambo unaeleweka. Lakini kwa nyumba moja yenye paa la bati na pipa uani, lugha ina neno la zamani na la kweli: kukinga. Mvua ikinyesha watu hukinga maji. Kuvuna kunamtaka mtu awe amepanda. Kukinga kunamtaka awe na chombo tu, na hilo ndilo tunalotaka alifanye. Ni kweli kwamba kinga pia ni ulinzi dhidi ya maradhi, na kwamba katika methali ya “kinga na kinga ndipo moto uwakapo” ni vijinga vya moto. Lakini katika sentensi hakuna atakayeyachanganya, kwa sababu anayekinga maji hutajiwa chombo: “Kinga maji ya mvua kwa pipa. Mvua ya kwanza iache ioshe bati kwanza.” Mwandishi akumbuke pia kwamba katika nchi ya Singida zipo nyumba za tembe, zenye paa la udongo. Kwa mwenye tembe maelekezo ya paa ni maneno matupu, hivyo apewe yake.

Kitenzi kuhifadhi kimepewa kazi tatu kwa wakati mmoja. Tangazo linaposema “hifadhi maji”, mmoja ataelewa aweke maji ndani ya vyombo. Wa pili ataelewa ayatumie kidogo. Wa tatu, aliyezoea kusikia habari za hifadhi za wanyama na misitu, ataelewa alinde chemchemi. Kwa ukame unaokuja, maagizo haya matatu ni tofauti kabisa. Tunapendekeza: kuweka akiba ya maji kwa jambo la kwanza, kubana matumizi ya maji kwa la pili, na kutunza chanzo cha maji kwa la tatu.

Hapa tutoe tahadhari juu ya neno akiba lenyewe, maana kila mtu anaijua methali isemayo “Akiba haiozi.” Akiba ya maji huoza. Maji yaliyotakaswa yakiwekwa katika chombo cha mdomo mpana na kuchovywa kwa kikombe kila saa, huingiwa tena na vijidudu kabla ya siku kwisha. Kwa sababu hiyo vitenzi kumimina, kuchota na kuchovya visichanganywe. Dumu lenye mdomo mwembamba humiminwa. Mtungi huchotwa kwa kata yenye mpini mrefu, ambayo haitumiki kwa kazi nyingine. Kuchovya kikombe, na vidole pamoja nacho, ndiko kunakokatazwa. Bibi zetu walioiweka kata mahali pake walikuwa na istilahi kamili ya jambo hili, na ni hasara tukiiacha na kuandika tu “tumia vyombo safi”.

Vipimo: ndoo, dumu na kijiko

Mwandishi wa istilahi huweza kudhani kwamba vipimo si kazi yake. Tunakataa. Neno ndoo ni chombo, na tena ni kipimo. Kuna ndoo ya lita 20 na ndoo ya lita 10, na zote mbili huitwa ndoo. Vidonge vya klorini navyo hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, vingine kwa maji kidogo na vingine kwa lita 20. Sentensi “tia kidonge kimoja kwa ndoo moja” kwa hiyo haina maana moja. Mtu akitia kidonge cha maji kidogo katika ndoo kubwa, atakunywa maji yenye harufu ya usalama pasipo usalama wenyewe.

Ndivyo ilivyo kwa matone na kijiko. Mwongozo unaojulikana katika nchi nyingi ni matone 2 ya kioevu cha klorini kisicho na manukato, chenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, kwa lita 1 ya maji maangavu, kisha kungoja dakika 30; kama maji bado yana ukungu, kipimo ni mara mbili. Kwa lita 20 hayo ni matone 40. Lakini nguvu za chupa hutofautiana, na kijiko cha chai si kijiko cha mezani. Hivyo mfasiri asithubutu kuandika “kijiko kimoja” pasipo kusema ni kipi, wala asiandike kipimo pasipo kutaja nguvu ya kioevu na lita za maji.

Kipimo cha akiba nacho hutegemea istilahi. Mwongozo wa Sphere, unaotumiwa na mashirika ya misaada, hutaja lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini kwa kunywa na kwa usafi wa nyumbani, na kati ya hizo lita 2.5 hadi 3 ni za kunywa na chakula. Tuchukue kaya ya watu 6 iliyoambiwa iweke “akiba ya maji ya siku 3”. Ikiwa maana yake ni maji ya kunywa, zatakiwa lita 54, ambazo ni madumu 3 ya lita 20. Ikiwa ni maji ya matumizi yote, zatakiwa lita 270, yaani madumu 14. Kati ya 3 na 14 kuna tofauti ya fedha, ya nafasi ndani ya nyumba, na ya safari za mtoto kisimani. Maneno mawili tu, “ya kunywa” au “ya matumizi yote”, yangeimaliza tofauti hiyo.

Mfano

Ili msomaji aone jambo lote kwa pamoja, tumetunga tangazo la mfano kwa mtindo uliozoeleka:

“Katika kipindi hiki cha janga wananchi wanashauriwa kutumia maji safi na salama, kuyatibu maji kwa dawa, na kuhifadhi maji ya kutosha katika vyombo safi.”

Sarufi yake haina kosa, na afisa yeyote angelitia sahihi. Lakini msomaji akilimaliza hana tendo hata moja analoweza kulifanya kwa hakika. Sasa tuliandike upya:

“Weka akiba ya maji ya kunywa: madumu 3 ya lita 20 kwa watu 6 kwa siku 3. Maji yakiwa na tope, yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi. Yachemshe mpaka yatokote kwa dakika 1. Au yatakase, yaani ua vijidudu, kwa klorini ya maji ya kunywa. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na ngoja dakika 30. Yaweke katika dumu lililooshwa, lenye mfuniko. Yamimine, usichovye kikombe wala mkono. Maji ya kisima kilichokatazwa kwa ajili ya floraidi au zebaki usiyanywe: hata yakichemshwa hayawi salama.”

Tangazo la pili ni refu zaidi, lakini kila sentensi ni tendo, na matendo yamepangwa kwa taratibu yake. Taratibu hiyo ina maana. Mnamo tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliangukia mji wa Katesh, katika mkoa jirani wa Manyara, na kuua watu wengi. Katika tukio la aina hiyo maji yanayopatikana huwa na tope, na klorini ikitiwa katika maji ya tope nguvu yake huishia kwenye tope kabla ya kufika kwenye vijidudu. Basi kutuliza na kuchuja havina budi kutangulia kutakasa.

Hitimisho

Wasomaji wa rika fulani wataikumbuka kampeni ya “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973, ambayo kwa njia ya redio, vitabu na vikundi vya kujisomea iliwafikia watu wapatao milioni 2. Neno gumu lililokuwamo kitabuni lilifafanuliwa na kiongozi wa kikundi, watu wakauliza, wakajibiwa. Tangazo la leo mara nyingi humfikia msomaji akiwa peke yake, mbele ya ukuta wa zahanati au katika simu ya mkononi. Hana wa kumwuliza. Neno lenyewe ndilo kiongozi wa kikundi, na likiyumba hakuna wa kulishika mkono.

Kwa hiyo tunayaleta mapendekezo haya mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa umma: janga, maafa na dharura vitengwe, angavu liwe la mwonekano na salama liwe la matokeo, kutakasa kuwe kuua vijidudu tu, kutokota kurudishwe katika maelekezo ya kuchemsha, kukinga kutumike kwa maji ya mvua nyumbani, kazi tatu za kuhifadhi zipewe majina matatu, na kipimo chochote kitajwe kwa lita. Walimu wanaweza kuyajaribu darasani kwa kuwapa wanafunzi tangazo na kuwauliza watafanya nini hasa wakifika nyumbani. Majibu yakiwa manne tofauti, tangazo hilo lirudishwe mezani.

Tunawaalika hasa wasomaji walio katika Iramba na mikoa mingine ya kati watuletee maneno ya lugha zao kwa hali hizi za maji. Neno lambo lilitufikia kutoka kwa Wasukuma na sasa ni mali ya wote. Hatuna shaka kwamba visimani na makorongoni kuna mengine yanayongoja kuchotwa.